Sheria haikushushwa Kilindini

Mhariri,

Sijawahi kuandikia gazeti lolote. Nimestaafu kazi ya ukalimani wa mahakama, na kazi ile ilinizoesha kusema maneno ya wengine, yangu nikayaweka. Lakini ile taarifa yenu ya wakili aliyekuja hapa Mombasa kuwaeleza vijana "sheria ni nini" siwezi kuinyamazia. Mliichapa nusu ukurasa na picha juu, na hamkumuuliza swali hata moja.

Alisema, kama mlivyomnukuu wenyewe, kwamba sheria ni kile kilichoandikwa kikapitishwa na Bunge, basi. Na kwamba kabla ya Mwingereza, pwani hii ilikuwa na mila na dini tu. Sheria ilikuwa bado haijafika. Kana kwamba ni shehena, ilisubiri meli.

Tuanze na vitabu vyake mwenyewe. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, ilitungwa mwaka 1967, na kifungu chake cha 3 ndicho kinachowaambia majaji wa Kenya wahukumu kwa kutegemea nini. Kinataja Katiba, kinataja sheria zilizoandikwa, halafu pale zisipofika kinataja ile sheria ya Kiingereza ambayo mawakili huiita komon loo, na kanuni zao za insafu, yaani za kutenda uadilifu, na sheria zilizokuwa zikitumika kule Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Mradi hali ya Kenya inaruhusu, kinasema. Sasa hiyo komon loo ilipitishwa na Bunge gani? Haikupitishwa na Bunge lolote. Ni mazoea ya Waingereza na hukumu za majaji wao, zimelimbikizwa karne kwa karne. Ni mila! Mila zao zimeingia mahakamani kwetu kwa jina la sheria, na mila za Mdigo na Mgiriama zimewekwa mwisho wa kifungu hicho hicho: zimwongoze tu jaji, tena katika kesi za madai, tena zisiwe zinakirihisha haki na maadili. Haki na maadili kwa kipimo cha nani, kifungu hakisemi. Kwa hiyo tafsiri ya wakili wenu inaangushwa na sheria ile ile anayoitumia kila akisimama mbele ya jaji.

Tena hiyo pwani isiyokuwa na sheria. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, na misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820, ndiye aliyekaa akapanga sheria inatoka wapi na ipi itangulie: Qur'ani, kisha Sunna, kisha makubaliano ya wanazuoni, kisha kiasi, yaani kupima jambo jipya kwa jambo lililokwisha hukumiwa. Hilo ndilo swali lenyewe ambalo wakili alidai kuwafundisha vijana, na lilikuwa likisomwa mikekani hapa karne nyingi kabla Mwingereza hajaiona Mombasa. Na Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipoandikiana kuhusu ukanda huu wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, moja ya ahadi ilikuwa kwamba mahakama za kadhi zitabaki. Leo zimo katika Katiba, kifungu cha 170. Kama hapakuwa na sheria, walikuwa wakiahidiana kulinda nini?

Wanafunzi wa sheria husomeshwa kesi moja ya New York ya mwaka 1889, na najua wakili huyu ameisoma, kwa sababu wote huisoma. Kijana Elmer Palmer alimpa babu yake sumu, asije babu akabadili wasia uliomwachia yeye mali. Wasia ule ulikuwa umeandikwa sawasawa. Sheria ya wasia, ukiisoma neno kwa neno, haikusema popote kwamba muuaji hapati. Majaji wengi wakamnyima, wakasema mtu hawezi kufaidika kwa uovu wake. Wawili wakapinga, wakashikilia kilichoandikwa. Baadaye Profesa Ronald Dworkin akaitumia kesi hiyo kuonyesha kwamba sheria si maandishi matupu, chini yake kuna misingi inayomfunga jaji hata kama haikupigiwa kura. Wazungu wamebishana juu ya kesi hii mpaka leo. Nenda kwa maalimu yeyote anayesomesha mirathi pale Mji wa Kale, umuulize kama muuaji anamrithi aliyemuua. Hatakungoja umalize swali. Muuaji harithi. Vijana wadogo wanalijua hilo kabla hawajaota ndevu, na lilikuwa limekwisha amuliwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya huyo Elmer kuzaliwa. Lakini hiyo, kwa wakili wenu, ni "dini tu".

Na wazee wa kaya nao wasemeje? Misitu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Mijikenda, ilisimama kwa makatazo ya wazee, hukati mti humo, huchungi mbuzi humo, na kabla ya serikali kuanza kuitangaza misitu hiyo kuwa turathi za taifa, hayo makatazo ndiyo yaliyokuwa uzio wake. Mwaka 2008 UNESCO ikaitia katika Urithi wa Dunia. Misitu mingapi yenye sheria iliyoandikwa vizuri na kupigwa muhuri imekwisha kuwa mkaa?

Sasa nieleze kilichonifanya nikasirike hivi. Jirani yangu ni mjane, anakaanga viazi karai mbele ya mlango wake, jioni, jiko moja na meza moja ya mbao. Siku chache kabla ya taarifa yenu walikuja vijana wawili wenye sare. Hawakusalimu. Mmoja aliinua karai kwa kitambaa mafuta yakiwa yanatokota, akayamwaga mtaroni, na mwenzake akabeba jiko na makaa yake. Unga wa viazi, wa manjano, ukabaki kwenye bakuli, na chupa ya ukwaju ikaanguka ikavunjika kizingitini. Nikatoka nikawauliza kwa adabu, wanangu, ni sheria gani aliyoivunja mama huyu? Yule mwenye karai akanijibu, "Mzee, sheria ni sheria." Nikamwambia nimefanya kazi mahakamani, anitajie kifungu tu. Akasema kipo ofisini. Basi nikaenda hiyo ofisi. Karani alikuwa kijana mwenye heshima zake, aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, akafungua kabati, akatoa faili. Ndani kulikuwa na ukurasa wa yaliyomo, wenye orodha ndefu ya sheria ndogo na namba za kurasa. Kurasa zenyewe hazimo! Akaniambia labda nijaribu ghorofa ya juu. Juu wakaniambia nirudi chini. Na mwisho mtu mzima mwenye tai akaniambia kwamba nakala kamili inapatikana Nairobi, na ni ya Kiingereza. Mhariri, jiko la mjane limechukuliwa kwa sheria ambayo ofisi inayoisimamia haina. Niambie, hiyo imepita sheria au imepita nguvu?

Wakili anaweza kusema John Austin, yule Mwingereza wa miaka ya 1830, alimaliza neno: sheria ni amri ya mkubwa, na ukiasi unaadhibiwa. Lakini Mwingereza mwenzake, H.L.A. Hart, alimjibu mwaka 1961. Jambazi akikuelekezea bunduki akasema lete pesa, utazitoa, umelazimishwa. Hakuna atakayesema ulikuwa na wajibu wa kumpa. Tofauti kati ya jambazi na dola, alisema, ni kwamba dola ina kanuni inayotambulikana ya kuonyesha ipi ni sheria na ipi si sheria. Mmarekani Lon Fuller akaongeza mwaka 1964 kwamba ziko njia nane za kushindwa kutunga sheria, na mojawapo ni kutowatangazia wale wanaotakiwa kuifuata. Hayo si maneno ya mzee wa mtaani. Yamo katika vitabu alivyofanyia mtihani.

Ukishasema sheria ni chochote kilichotolewa na mwenye madaraka, umejifunga kukubali yote. Milton Obote aliifuta katiba ya Uganda mwaka 1966. Chifu wa Buganda, Michael Matovu, alipokuwa kizuizini akapeleka shauri lake Mahakama Kuu, majaji wakachukua nadharia ya Hans Kelsen wa Austria wakasema mapinduzi yaliyofaulu yamezaa msingi mpya wa sheria. Kuanzia hapo aliyeshinda alikuwa na sheria mkononi. Waganda walilipa gharama yake miaka mingi.

Sisi huku tuna yetu ya kuandikwa. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi ya Pwani: mwenye madai ayapeleke kwa msajili, ardhi isiyodaiwa ni ya Mfalme wa Uingereza. Iliandikwa, ilitangazwa, ilifuata taratibu zote. Wamijikenda waliokuwa wakilima kwa pamoja, bila ya karatasi wala jina la mtu mmoja, wakaamka maskwota katika mashamba ya babu zao. Wajukuu wao wako Likoni na Kisauni, wamejenga nyumba juu ya ardhi ambayo karatasi inasema ni ya mwingine. Wakili akiulizwa kama ile ilikuwa sheria, atasema ndiyo. Mimi nasema ilikuwa karatasi ya mahakama, na kwamba haikuwahi kumfunga Mdigo moyoni mwake hata siku moja, ndiyo maana mzozo haujesha na hautakwisha kwa mihadhara.

Na hapa niseme la lugha, maana nimelibeba muda mrefu. Nimeona mzee wa kesi ya shamba ameketi asubuhi nzima, mawakili wanazungumza Kiingereza juu ya kichwa chake, hukumu imesomwa, watu wanatoka, naye ananivuta mkono wa shati kuniuliza, "Mwanangu, nimeshinda au nimeshindwa?" Mshtakiwa wa jinai amepewa mkalimani bila malipo na kifungu cha 50 cha Katiba. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Tulipiga kura tarehe 4 Agosti 2010 kuyapitisha hayo. Sasa mwenye mamlaka anahukumiwa kwa lugha asiyoijua, kwa kitabu asichoweza kukiona, halafu anaambiwa na mgeni kwamba wazee wake hawakujua sheria!

Ninachotaka ni hiki. Sheria ndogo zote zinazotumika katika mji huu zichapwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, zibandikwe ukutani pale Marikiti, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kwa sababu wanaouza wanauza wameketi. Chini ya kila kifungu iandikwe nani alikipitisha, tarehe gani, na kwa uwezo upi wa Katiba. Askari asiyeweza kuonyesha kifungu chake pale ukutani asiguse jiko la mtu. Kila Jumamosi asubuhi asimame mtu azisome kwa sauti na kuwajibu wenye maswali. Mimi nitaanza, bila malipo, nikichoka wapo wakalimani wenzangu wastaafu. Na wakili huyo akija tena Mombasa, aletwe kwanza Mahakama ya Kadhi siku ya kesi za mirathi, akae nyuma, asikilize mpaka mwisho.

Nyinyi gazetini mnaweza kuanza bila ya kungoja mtu. Itafuteni sheria ndogo inayokataza jiko la viazi mbele ya mlango wa mwenye nyumba, mwichape yote, kwa Kiswahili, mahali pale pale mlipomweka wakili. Ikiwapo, nitalipa faini ya jirani yangu mimi mwenyewe. Isipokuwapo, arudishiwe karai lake, jiko, na bei ya mafuta.

Mkalimani mstaafu,
Mombasa