Kinyama cha ngozi na chupa ya dawa ya kikohozi

Mhariri,

Majibu ya kinyama cha ngozi, yaani kipande kinachokatwa kupimwa maabara, yakirudi yameandikwa saratani "iliyokomaa vizuri", wagonjwa wengi hudhani ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa. Ni kinyume chake. Kinachosemwa hapo ni ukomavu wa seli, na seli ikikomaa ndiyo nafuu.

Seli ya ngozi huzaliwa tabaka la chini. Huko p63, protini inayowasha na kuzima jeni, huiweka katika hali ya kugawanyika. Ikipanda juu p63 hupungua, Notch, ishara inayoiamuru seli ikomae, hushika zamu, seli hujaa keratini, protini ngumu ya ngozi, hufa na kupukutika. Safari yote ni kama wiki 4. Jua likiharibu jeni ya p53, inayozuia seli mbovu zisizaane, na Notch nayo ikazimika, seli hupanda huku bado ni changa. Kwenye hadubini, uvimbe uliokomaa huonyesha viduara vya keratini mfano wa lulu. Pasipo lulu, na p63 ikatapakaa chini hadi juu, huo ni mkali: tezi za limfu za jirani zipapaswe siku hiyo hiyo. Mkulima wa mwani mwenye ualbino, anayeinama juani saa nne asubuhi maji ya bamvua yakitoka, hana melanini, rangi ya ngozi, ya kumkinga na jua hilo.

Yote haya huharibikia kwenye chupa. Kinyama kikatwe ukingoni mwa kidonda, si katikati palipokufa, tena kifike kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kilichokwanguliwa juu juu hakionyeshi uvimbe umezama kiasi gani, na ukipita milimita 6 hatari huzidi. Fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, iwe ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kinyama. Hupenya kama milimita 1 kwa saa, basi pande nene lipasuliwe, la sivyo kati litaoza. Saa 6 hadi 72 zatosha. Kikilala humo wiki mbili kusubiri boti ya kukipeleka maabara, p63 huenda isishike rangi ya kipimo ingawa ipo. Maji ya dripu hayahifadhi kitu. Na ile chupa tupu ya dawa ya kikohozi wanayotilia kinyama! Kinyama huingia laini, fomalini ikakifanya kigumu, shingo ya chupa ikakibana. Mtu akikichokoa kwa koleo, seli zimepondeka. Kopo la mdomo mpana halina ghali.

Fomu nayo isiandikwe "kidonda" tu. Mahali, muda, ualbino upo au haupo. Doa jeusi la unyayoni ni kesi nyengine kabisa. Hapo maabara hutafuta SOX10, protini ya seli zinazotengeneza melanini, si p63.

Wasomaji wenu wa fani ya maabara,
Chake Chake, Pemba