Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lori Lenye Kichwa cha Maksai

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikasema kwamba lori dogo tulilokabidhiwa na familia ya mwenzetu marehemu ni mojawapo ya Unimog zile 600 hivi zilizotengenezwa na kiwanda cha Boehringer, mjini Göppingen, Ujerumani, kati ya 1948 na 1951. Mlipiga makofi. Wengine walitokwa na machozi, kwa sababu walimfahamu mwenye gari na walijua alivyolitunza. Leo sina budi kuanza kwa kusahihisha kauli ile. Lori letu halikutoka Boehringer. Ni la aina yenye namba 2010 (si mwaka), lililoundwa Gaggenau, mji mwingine wa Ujerumani, baada ya kampuni ya Daimler-Benz kuichukua kazi hiyo mwaka 1951. Nilisema nilichoambiwa na nilichotamani kiwe kweli, kabla hatujapima wala kusoma chuma chenyewe. Nawaomba radhi, familia ya marehemu kwanza, kisha ninyi nyote.

Mambo mengine ya mwaka nitayapitia haraka. Kamati ilikutana kama katiba inavyotaka. Hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma baada yangu. Wanachama wapya wameongezeka, na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wengi wao ni vijana wanaotaka kushika spana, si kupiga picha tu. Paa la gereji lililokuwa likivuja limezibwa. Sasa nirudi kwenye lori, kwa kuwa ndilo lililokula Jumamosi zetu karibu zote.

Kwa waliojiunga mwaka huu, nieleze kwanza chombo hiki ni nini. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani ilikuwa na njaa na viwanda vyake vilikuwa chini ya mamlaka ya washindi. Albert Friedrich, aliyekuwa akiongoza uundaji wa injini za ndege pale Daimler-Benz, alichora chombo kimoja cha shambani ambacho kingevuta plau, kubeba mzigo mgongoni, kuzungusha mashine kwa shafti yake, kisha kuingia barabarani na kwenda kilomita 50 kwa saa. Trekta za wakati ule zilikuwa zinajikokota. Lakini gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lilitiliwa shaka kuwa chombo cha vita, kwa hiyo kilitakiwa kibali cha Wamarekani waliokuwa wakitawala eneo lile. Magari ya majaribio yaliundwa na Erhard & Söhne wa Schwäbisch Gmünd, watu waliozoea kufua vyombo vya dhahabu na fedha. Oktoba 1946 la kwanza lilitembea, halina hata kabini, na mhandisi Heinrich Rößler ndiye aliyeshika usukani. Boehringer, waliokuwa watengenezaji wa mashine za karakana, ndio walioanza kuliunda kwa ajili ya kuuza, mwaka 1948. Jina Unimog ni kifupi cha maneno ya Kijerumani Universal-Motor-Gerät, yaani chombo cha injini cha kazi zote.

Boehringer walipozidiwa na maagizo ya wateja, kazi ikahamia Gaggenau. Hapo ndipo ugumu wetu ulipozaliwa, kwa sababu Daimler-Benz hawakubuni gari jipya. Walichukua lile lile, wakalipatia namba ya aina 2010, wakaliacha na sura yake, kabini yake ya turubai na hata nembo yake. Ya Boehringer yalijulikana kwa namba 70200. Ukiyasimamisha mawili hayo bega kwa bega, yamepakwa rangi moja, mtu asiyeyajua kwa ndani atadhani ni pacha. Tofauti kubwa ni idadi, maana aina ya 2010 ilitoka zaidi ya magari 5,800 hadi 1953.

Tulianza na karatasi. Hati ya usajili iliandika "Unimog, 1950". Nilipoisoma mara ya kwanza niliona mwaka huo ukitangulia Gaggenau, basi nikahitimisha kwamba ni la Boehringer. Katibu alinikumbusha kwamba hati ile si ya kwanza. Iliandikwa miaka mingi baadaye gari lilipobadilisha mikono, na aliyeijaza aliandika mwaka aliotajiwa. Nina heshima kwa karatasi, lakini karatasi iliyonakiliwa kutoka kwenye kauli ya mtu inabaki kuwa kauli ya mtu.

Nembo nayo ilinipoteza. Mbele ya lori letu kuna kichwa cha maksai, pembe zimepinda juu zikafanya herufi U. Wengi wetu tulikuwa tukiamini kwamba kichwa hicho ni alama ya Boehringer peke yao. Kumbe Gaggenau waliendelea nacho, na nyota ya Mercedes, alama ya magari ya Daimler-Benz, ilianza kuwekwa mwaka 1953. Kwa hiyo kichwa cha maksai kinakuambia tu kwamba gari ni la miaka ya mwanzo, tena kama ni chake tangu mwanzo. Cha kwetu kimefungwa kwa boliti mbili zisizolingana.

Halafu tukaifungua injini. Ni OM636, dizeli ya silinda nne, nguvu za farasi 25. Fundi wetu mkuu alitoa silinda hedi, akafuta masizi, akatuita. Alishusha kipimo ndani ya silinda ya kwanza, kikasoma milimita 75. Ya pili 75, na mbili zilizobaki hivyo hivyo. Mwendo wa pistoni ni milimita 100. Kijana mmoja, mwaka wake wa kwanza nasi, akapiga hesabu kwa chaki ubavuni mwa benchi: sentimita za ujazo 1,767. Injini za mwanzo za aina hii zilikuwa na kipenyo cha milimita 73.5, ambacho kinatoa 1,697. Palinyamaza kidogo, maana injini yetu haikuwa ya zile za mwanzo. Mimi ndiye niliyejitetea kwanza, nikasema injini inaweza kuwa imebadilishwa. Na kweli ingewezekana. OM636 iliwekwa pia kwenye gari dogo la Mercedes 170 D kuanzia 1949, ikafungwa kwenye boti na kwenye jenereta, na katika maisha ya miaka sabini lori la kazi linaweza kupewa injini ya jirani yake. Namba ya injini inakueleza habari za injini, basi. Haikueleza habari za lori.

Vipimo vya mwili tulivichukua siku iliyofuata, lori likiwa limesimamishwa kwenye sakafu iliyosawazishwa. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 1,720. Hilo liliondoa shaka moja, kwamba huenda ni 402, Unimog ya aina ya baadaye, iliyokatwa kabini, maana 402 ina milimita 2,120. Halikuondoa nyingine, kwa sababu 70200 na 2010 zinalingana hapo. Kisha tukapima upana, gurudumu la kushoto hadi la kulia, katikati kwa katikati. Fundi mkuu alikuwa amelala chini, akasoma kwa sauti: 1,270. Kipimo hicho kilichaguliwa kilingane na mistari miwili ya viazi, ili magurudumu yapite kati ya matuta bila kukanyaga mmea. Nimekaa na malori maisha yangu yote, na sijui jingine ambalo umbile lake lilianza na kiazi.

Tulikwama kwa miezi miwili. Kibati cha utambulisho hakipo, yamebaki matundu yake manne tu. Aliyelipaka lori rangi zamani alilijaza chasisi zima dawa ya kuzuia kutu, tabaka juu ya tabaka, na mahali ambapo namba huchongwa, kwenye mhimili wa chasisi karibu na gurudumu la mbele, palikuwa laini kama ubao uliopigwa randa. Kuna mwanachama aliyependekeza tutumie grenda. Nashukuru alisikiliza alipokatazwa, maana grenda ingekula tarakimu pamoja na rangi. Tulitumia dawa ya kulainishia rangi, kikwanguo cha plastiki na brashi laini ya shaba, kiganja kwa kiganja, kwa Jumamosi tatu. Ya tatu tulizima taa, tukashika tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Hapo tarakimu zikaanza kujitokeza kwa vivuli vyake. Nilisugua unga wa chaki kwa kidole, nikafuta kwa kitambaa, na sehemu ya kwanza ya namba ikabaki nyeupe ndani ya chuma: 2010.

Nawaambia ukweli, moyo uliniuma. Nililitaka liwe miongoni mwa yale 600. Lakini binti wa marehemu, aliyekuwa nasi jioni ile, aliinama akaigusa namba na kusema, "Sasa tumejua ni lipi." Tangu hapo sijalitamani tena liwe jingine.

Na lenyewe si haba hata kidogo. Ekseli zake mbili hazipiti kwenye kitovu cha gurudumu. Zimekaa juu yake, na nguvu hushushwa na gia zilizomo kwenye kisanduku kila mwisho wa ekseli, ndiyo maana tumbo la lori linapita juu ya mawe ingawa magurudumu yake si makubwa. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ya mbele na ya nyuma zote zinafungika, kwa hiyo gurudumu moja likizunguka bure kwenye tope, yaliyobaki yanaendelea kusukuma. Springi ni za mviringo kwenye pembe zote nne, wakati malori mengi ya siku zile yalikuwa na springi za bapa. Gia sita za mbele, mbili za nyuma. Magurudumu manne yanalingana, na nyuma ya kabini kuna kitanda cha kubebea mzigo. Haya tumeyakuta yote yakiwa mahali pake, na mfungio wa difu ya nyuma ulifanya kazi mara ya kwanza tulipouvuta, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

Yaliyotupata yamenifanya nilete pendekezo moja kwenu. Daftari letu la magari limejaa takwimu ambazo hazionyeshi zilivyopatikana. Nimelipitia lote. Magari mawili mengine yana mwaka wa kuundwa ulioandikwa kwa kutegemea hadithi ya muuzaji, na moja lina nguvu za injini zilizonakiliwa kutoka kitabu cha gari la aina nyingine kabisa. Naomba kuanzia sasa kila takwimu iwekewe neno moja mbele yake: imesomwa, imepimwa, au imesemwa. Iliyosomwa ni ile iliyo kwenye chuma chenyewe. Iliyopimwa ni ile tuliyoichukua kwa futi au kipimo chetu, mashahidi wawili wakiwepo. Iliyosemwa tunaitunza pia, kwa heshima, kwa sababu masimulizi ya wenye magari ndiyo yanayotuambia tutafute wapi; ila isivae nguo za mbili za kwanza.

Kazi iliyobaki kwenye lori ni ya mikono zaidi. Tarakimu za mwisho wa namba bado zimefunikwa, na tutaendelea kuzisafisha kwa njia ile ile, polepole. Tukizipata zote tutaomba kumbukumbu za kiwanda zilinganishwe nazo, ili tujue lilitoka mwaka gani kati ya 1951 na 1953. Silinda hedi inasubiri gasketi. Turubai la kabini limeshonwa upya na wanachama wawili kwa kufuata kipande cha zamani, nao wamekataa malipo. Kibati kipya hatutakitengeneza. Nimeombwa mara kadhaa tukichongeshe kifanane na cha kiwandani, na kamati imekataa kwa kauli moja. Matundu manne yatabaki wazi.

Andiko ninaloomba mlipitishe leo liingie kwenye daftari, mahali pa lile la mwaka jana, ni hili: Unimog, aina 2010, imesomwa kwenye chasisi. Umbali wa ekseli milimita 1,720, imepimwa. Upana wa magurudumu milimita 1,270, imepimwa. Injini OM636, sentimita za ujazo 1,767, imepimwa. Mwaka 1950, imesemwa. Nembo ya kichwa cha maksai, ipo, boliti si zake. Limetunzwa na mtu mmoja na familia yake kwa muda mrefu, likakabidhiwa kwa chama likiwa kavu, na funguo zake mbili.

Mwenyekiti