Mhariri, kompyuta haijui mpira una uzito gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya Jumamosi iliyopita kuhusu filamu za katuni. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi programu za siku hizi zinavyorahisisha kupaka rangi na kuandaa mandhari, na hapo nakubaliana naye. Kilichonikaa rohoni ni sentensi yake ya mwisho, kwamba sasa msanii anachora picha ya mwanzo na ya mwisho tu, zilizo katikati zinajazwa na kompyuta. Nimefundisha uhuishaji, yaani sanaa ya kuifanya michoro na vinyago vionekane vinatembea, kwa miaka 19. Kila mwaka napokea wanafunzi walioambiwa maneno hayo hayo, na kila mwaka wahusika wao wanatembea kana kwamba wako chini ya maji.

Siku ya kwanza huwa nawaomba wafunge kompyuta. Nawapa penseli na karatasi 24, za sekunde moja ya filamu, wachore mpira unaodunda. Karibu wote wanaanguka mahali pamoja: wanaigawa safari ya mpira kwa hatua zilizo sawa, kama ngazi. Wakizipeperusha karatasi kwa kidole gumba, mpira unashuka kama lifti, unagusa sakafu, unapanda tena kama lifti. Mchoro wenyewe hauna kasoro, duara ni duara safi, lakini hakuna anayeamini kwamba ule ni mpira.

Mpira wa kweli hupunguza mwendo unapopanda, hukaribia kusimama ufikapo kileleni, kisha huongeza kasi kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo michoro ya kileleni inatakiwa ibanane hadi ipandane, na ile ya karibu na sakafu iachane. Sekunde inabaki ile ile na karatasi zinabaki zile zile. Kinachobadilika ni nafasi kati ya mchoro na mchoro. Wanafunzi wakirekebisha hilo tu, bila kuongeza hata mstari mmoja, mpira unapata uzito. Nimeliona mara nyingi, na bado linanisisimua.

Baada ya hapo tunakuja kwenye kubonyea na kurefuka. Mpira hurefuka kidogo ukiwa kasini, hubonyea unapoikanyaga sakafu, kisha hurudia umbo lake. Sharti ni kwamba ujazo usibadilike: ukiubonyeza lazima uutanue kando, la sivyo mtazamaji ataona mpira unaonywea. Na kubonyea huko ni kwa fremu, yaani picha moja moja ya filamu, moja au mbili tu. Kukizidi, mpira unageuka donge la unga. Kisha nawaambia wachore duara lile lile, kwa penseli ile ile, liwe tufe la chuma. Hapo hakuna ujanja wa rangi wala kivuli utakaowaokoa. Tufe la chuma linajulikana kwa namna linavyokataa kudunda.

Filamu hupita mbele ya macho kwa fremu 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hutumia mchoro mmoja kwa fremu mbili, maana yake michoro 12 kwa sekunde, na jicho linaridhika, isipokuwa kwenye mwendo wa kasi sana. Hata hivyo, filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600. Norman McLaren, mzaliwa wa Uskoti aliyefanya kazi Kanada na kuchora moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu bila kamera, alishikilia kwamba kinachotokea kati ya fremu na fremu ni muhimu kuliko kilichomo ndani ya fremu. Ndiyo maana sentensi ya mwandishi wenu imenigusa. Alichokiita kujaza katikati ndiyo kazi yenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa kabla kompyuta hazijafikiriwa. Mwaka 1832 Joseph Plateau wa Ubelgiji alitengeneza sahani yenye michoro na matundu membamba pembeni. Ukiizungusha mbele ya kioo na kuchungulia tunduni, mchoro unacheza. Oktoba 1892, miaka mitatu kabla ya ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, kuonyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio, Émile Reynaud aliwaonyesha watu wa Paris picha alizozipaka rangi kwa mkono. Onyesho mojawapo lilikuwa na picha kama 500 tu, lakini lilidumu takriban robo saa, kwa sababu aliuendesha ukanda mwenyewe kwa mikono, akiurudisha nyuma na kuupeleka mbele, akitulia palipohitaji utulivu. Muda wa kila tendo ulikuwa viganjani mwake. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikata wahusika kwa mkasi kutoka karatasi ngumu na bati jembamba la risasi, akaunga viungo vyao kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake na kuwasogeza kidogo kidogo. Filamu yake ndefu ilitoka 1926, na ndiyo ya zamani kuliko zote ndefu za uhuishaji zilizosalia hadi leo. Wahusika wake ni vivuli, hawana macho wala tabasamu, lakini huzuni yao unaiona kwenye shingo na viganja.

Mimi mwenyewe niliielewa thamani ya muda kwa udongo. Nilikaa siku mbili na mwanasesere wa plastisini anayeinuka kitini: sogeza kidogo, ondoa mkono, piga picha, sogeza tena. Sikuziba dirisha. Jua lilivyokuwa linahama, mwanga ulibadilika picha hadi picha, na nilipoitazama kazi, ukuta wa nyuma ulikuwa unapepesa kama taa inayotaka kuungua. Nilirudia yote, pazia zito likiwa limeshushwa na meza imefungwa isitikisike. Mchoraji wa karatasi anaweza kuchora mikao mikuu kwanza, kisha akarudi kuongeza ya katikati. Kwenye udongo unakwenda mbele tu. Mkao wa fremu ya 9 ukishaufinyanga kuwa wa fremu ya 10, ule wa 9 haupo tena duniani. Lazima uwe umeshahesabu kichwani: atainama kwa fremu ngapi, atasita ngapi, atanyanyuka kwa ngapi.

Huko kuinama kwanza ndiko tunakokuita maandalizi. Anayetaka kuruka huchuchumaa, anayetaka kupiga hurudisha mkono nyuma. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliokuwa wahuishaji wa Disney, waliorodhesha kanuni 12 katika kitabu chao cha 1981, na maandalizi ni mojawapo. Sizioni zote 12 kuwa na uzito sawa. Ningeambiwa nibakize mbili, ningebakiza muda na maandalizi. Bila maandalizi ngumi inatua kabla jicho halijajua litazame wapi, na mtazamaji anauliza kumetokea nini.

Sasa niirudie kompyuta, kwa sababu naitumia kila siku na sina chuki nayo. Ipe picha ya mhusika akiwa anatazama kushoto, kisha ipe ya pili akiwa anatazama kulia, uiachie mashine ijaze. Isipoelekezwa vinginevyo, itapita njia iliyonyooka kati ya mikao hiyo miwili, na kichwa kitazunguka kama feni. Mtu akigeuka, mara nyingi kidevu hushuka kidogo katikati, macho yanatangulia, kope zinafumba. Mwendo wake ni tao. Programu nzuri zinakupa mstari wa kasi uukunje kwa mkono ili mwendo uanze polepole na umalizike polepole, lakini anayejua uukunje kiasi gani ni mtu, tena mtu aliyewahi kukaa akatazama watu wakigeuka. Hata kunasa mwendo wa mwigizaji halisi si jambo jipya. Max Fleischer alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1917 ya kifaa cha kuchora juu ya picha za filamu, fremu kwa fremu, na nduguye alivaa nguo za mchekeshaji ili achorwe. Waliojaribu njia hiyo tangu wakati huo wanajua kwamba mwendo ulionakiliwa bila kuguswa huonekana mzito na mkavu. Lazima mtu achague kipi kikuzwe na kipi kiachwe.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniletea mhusika anayetembea. Uso ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuuchora. Lakini mguu uliokanyaga ulikuwa unateleza nyuma, kwa hiyo hakuwa anakwenda popote. Tulikaa wiki nzima kwenye hatua mbili: kisigino kinagusa, mwili unashuka kupokea uzito, mguu wa pili unapita, mwili unapanda. Fremu 12 kwa hatua. Siku ya tano mguu ulishika ardhi. Aliiangalia sekunde ile moja ikijirudia kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mwalimu, anapumua," na wala hakuwa amechora kifua kikipumua.

Mhariri, pamoja na barua hii nimetuma michoro 12 midogo ya mpira, yenye namba. Ikipatikana nafasi, hata kwenye ukurasa wa watoto, tafadhali ichapwe katika ukubwa huo huo bila kuipunguza. Msomaji aikate, aipange kwa namba, aibane upande mmoja kwa kibanio, kisha aipeperushe kwa kidole gumba. Itachukua kama sekunde moja. Halafu auondoe mchoro wa 6 na wa 7, ile iliyobanana kileleni, aipeperushe tena.

Msomaji wako,
Mwalimu wa uhuishaji