Pipa la barafu kwa anayeanza: shughuli iko kwenye dakika ya kwanza

Swali tunaloulizwa kuliko yote hapa kituoni ni hili: nikae dakika ngapi kwenye pipa la maji ya barafu? Wanaliuliza wakimbiaji wanaojiandaa na mbio za Kilimanjaro, wanaliuliza vijana wa mpira, na siku hizi wanaliuliza hata watu wa ofisini walioona video za watu wamekaa kwenye barafu mpaka shingoni huku wanatabasamu. Jibu tunalo, ila halitangulii. Tunaanza na afya yako, kisha tunazungumza kuhusu pumzi. Kwa mtu anayeanza, hatari kubwa imekaa kwenye dakika ya kwanza, kabla hata hajakumbuka kuangalia saa.

Ngozi ikipoa ghafla, mwili hausubiri ruhusa yako. Unavuta pumzi moja kubwa bila kutaka, halafu unaanza kuhema harakaharaka. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu ya kwenye ngozi inabana, na presha inapanda. Huo ndio mshtuko wa baridi. Hufikia kilele ndani ya nusu dakika hivi, na kwa watu wengi hutulia kati ya dakika ya kwanza na ya tatu. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ameutafiti kwa miaka mingi, na onyo lake linaeleweka kwa urahisi: ile pumzi ya kwanza ikikukuta kichwa kiko chini ya maji, utavuta maji. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kwenye ziwa la baridi kali anaweza kufa maji akiwa bado na joto lake la kawaida mwilini. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, huwafundisha watu wa nchi za barafu kwa namba tatu, 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa mwili kupoa. Hapa kwetu hakuna anayefika kwenye hiyo saa. Hiyo dakika ya kwanza ndiyo inayotuhusu wote.

Tena inatuhusu zaidi sisi watu wa Pwani. Bahari ya Dar haishuki sana chini ya nyuzi 25 mwaka mzima, na maji ya tenki juani ni ya uvuguvugu. Aliyekulia Temeke au Kigamboni huenda hajawahi hata siku moja kuingia kwenye maji ya nyuzi 15. Usiyapime kwa hewa ya Lushoto asubuhi, maana maji hunyonya joto la mwili karibu mara 25 kuliko hewa. Aliyesoma bweni Njombe au Mufindi, akaoga alfajiri ya mwezi wa sita, ana mazoea fulani, ingawa nayo hupungua akishahamia kwenye joto. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwili unajifunza upesi. Tafiti za Tipton na wenzake zimeonyesha kuwa kuingia mara tano au sita, kwa dakika chache tu kila mara, kunaweza kupunguza mshtuko huo kwa karibu nusu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuutesa mwili siku ya kwanza.

Kuna watu tunaowarudisha, na tunaomba wasituchukie. Wa kwanza ni mwenye sikoseli, hata kama siku hiyo anajisikia mzima kabisa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo swali hili kwetu lina uzito kuliko lilivyo kwenye hizo video za Ulaya. Baridi hubana mishipa, damu hupita kwa shida, zile chembe zenye umbo la mundu hukwama, na maumivu makali yanaweza kuanza. Mwenye sikoseli hahitaji hata barafu kufika huko. Wengi wao wanajua kwamba kuogelea kwenye maji ya baridi peke yake kunatosha kuwaamsha usiku kwa maumivu. Kama hujawahi kupima na kwenu kuna ndugu mwenye ugonjwa huu, nenda kapime kwanza. Pipa litakusubiri.

Wengine ni wenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa, mama mjamzito, mwenye kifafa, mwenye pumu inayoamshwa na baridi, mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi, mtu ambaye vidole vyake hubadilika rangi akishika kitu cha baridi, na yule anayetokwa na vipele au kuvimba akipigwa na baridi. Hao wote tunawaomba waanzie kwa daktari wao. Presha tunaipima hapahapa kabla ya kuingia, kwa kila mtu, kijana na mzee, kwa sababu watu wengi wanaishi nayo bila kujua. Na aliyekunywa pombe, hata bia moja ya mchana, siku hiyo haingii.

Sasa pipa lenyewe. Watu hudhani ni mifuko miwili ya barafu na kazi imekwisha. Ukiwa na lita 200 za maji ya nyuzi 28 na unataka yashuke hadi 15, unahitaji karibu kilo 27 za barafu. Kwa hiyo wanaojaribu nyumbani kwa vibarafu vya kwenye friji mara nyingi huishia kwenye maji ya kawaida tu, jambo ambalo kwa anayeanza si baya hata kidogo. Barafu huelea, kwa hiyo tunakoroga vizuri kabla ya kusoma kipimajoto. Usipokoroga, juu kutakuambia nyuzi nyingine na chini nyingine. Kuna waliosikia kwamba chumvi huongeza baridi. Ni kweli inaongeza, na ndiyo sababu hatuitumii: barafu iliyochanganywa na chumvi hushuka chini ya sifuri na inaweza kuunguza ngozi.

Anayeanza tunampa maji ya nyuzi 15 hadi 18, si chini ya hapo, na dakika moja hadi mbili. Kabla ya kuingia anajimwagia maji ya bomba miguuni, mikononi, kifuani na mwisho usoni. Kisha anaingia miguu, anakaa mpaka kiunoni, anatulia, halafu anashuka hadi mabegani. Kichwa hakizami. Hapo ndipo uso wake hubadilika, mabega yanapanda, na utamsikia anahema kwa juujuu. Mhudumu wetu husimama ubavuni na hamwachi hata kidogo. "Toa pumzi, dada. Taratibu, kama unapuliza chai." Anarudia hivyohivyo mpaka kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kisha anamuuliza swali la kawaida: umekuja na gari gani, au nyumbani leo mnapika nini? Akiweza kujibu sentensi nzima bila kukatika, pumzi imerudi na muda tunaanza kuuhesabu hapo. Asipoweza, anatoka, na hakuna aibu yoyote.

Zile pumzi za kuhema kwa nguvu, ambazo watu wamezipata kwa Wim Hof, Mholanzi anayejulikana kwa kukaa kwenye barafu, haziruhusiwi ndani ya maji. Mwenyewe hufundisha kwamba zifanywe mahali pakavu, kwa sababu mtu anaweza kuzimia ghafla. Wala hatuchezi mashindano ya kubana pumzi na kuzamisha uso. Uso ukiingia kwenye baridi, moyo hupewa amri ya kupunguza mwendo, wakati ngozi ya mwili imeshauamuru ukimbie. Amri hizo mbili zikigongana, mapigo yanaweza kuvurugika.

Kutoka nako kunahitaji akili. Joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda baada ya kutoka, maana damu inarudi kwenye ngozi na misuli iliyopoa. Jikaushe, vaa nguo kavu, kaa, kunywa chai ya tangawizi. Usikimbilie maji ya moto, yanaweza kukuletea kizunguzungu. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Ila mtu akianza kuchanganya maneno, kuzubaa au kupepesuka, hiyo ni dharura na anapelekwa hospitali. Na jamani, kama umekuja na pikipiki, usiiguse mpaka uweze kufunga vifungo vya shati lako bila shida. Vidole vyenye ganzi havishiki breki.

Je, faida zipo? Zipo, na hatutazitia chumvi. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya kwa pamoja, yaliyokusanya majaribio madogo 17 yenye watu 366, yaliona kwamba maji ya baridi hupunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi ukilinganisha na kupumzika tu. Kwa mkimbiaji mwenye mazoezi mazito kesho yake, hilo ni jambo kubwa. Lakini kama unanyanyua vyuma ili misuli ijae, usije kwetu mara tu baada ya mazoezi. Utafiti wa wiki 12 uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa walioingia kwenye maji ya baridi kila baada ya vyuma walipata misuli kidogo kuliko wenzao. Njoo siku nyingine. Na kwa wanaouliza kama pipa linatibu ugonjwa wao, jibu letu ni hapana, hatuuzi tiba.

Ukitaka kuanzia nyumbani bila kutulipa hata shilingi, chukua ndoo na kata. Maliza kuoga kwako kwa maji ya baridi kwa nusu dakika, kila siku kwa wiki nzima, ukifanya mazoezi ya kutoa pumzi taratibu. Utakuja kwetu ukiwa tayari umejifunza nusu ya kazi. Ukitumia pipa huko nyumbani, usiingie peke yako, na usitumie tenki refu ambalo huwezi kutoka bila kuvutwa. Ukimaliza, limwage au lifunike, hasa kama kuna watoto.

Pipa letu tunaliandaa kuanzia saa kumi jioni. Tujulishe siku moja kabla, maana barafu tunaiagiza asubuhi. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla ya kuja, na ulete nguo ya kuogea, taulo mbili, soksi na sweta. Sweta tunaisisitiza, hata kama ni mwezi wa pili na jua la Dar linawaka.