Barua kwa mwanangu: kalamu yangu nyeusi inakuja na shangazi yako

Mwanangu mama, shikamoo yako nimeipokea, marahaba.

Ile picha ya mawe uliyonirushia jana WhatsApp nimeiangalia mpaka simu ikazima chaji, na maswali yako yote mawili nimeyasoma, lile la kwamba ukipitisha rangi ya maji juu wino wote unafumuka unakuwa tope, na lile la pili ambalo naona ndo ulikuwa unalitaka hasa, kwamba kwa nini baba anahangaika na kalamu ya nibu, hii ya ncha ya chuma inayojazwa wino, wakati peni zimejaa kila duka.

La tope kwanza maana ni rahisi. Huo wino ulionao ni rangi iliyoyeyushwa tu kwenye maji, ukikauka umelala, brashi yenye maji ikipita unaamka tena. Unaotakiwa ni wa pigmenti, yaani chembechembe ndogo sana zinazoelea, maji yakikauka zenyewe zinabaki zimeng'ang'ania kwenye karatasi na hapo unapaka rangi yako bila wasiwasi, ila uache ukauke vizuri kwanza usiwe na haraka. Mi natumia Carbon ya Platinum, Wajapani hao, nimekuwekea nusu chupa nimeifunga na mifuko mitatu. Sharti lake moja, usiuache ndani ya kalamu wiki na wiki hujaigusa, na kuosha ni maji ya baridi, unajaza unamwaga unajaza unamwaga mpaka yatoke meupe, ya moto usithubutu.

Na chupa iliyoandikwa India ink usiitie kwenye kalamu hii hata ukiapiwa. Kalamu yangu ya kwanza kabisa ilikufa hivyo, nilikuwa nimeidunduliza miezi, nikaenda kununua wino muuzaji akaniambia wino ni wino tu chukua, kumbe mle ndani kuna shelaki, ile ile wanayopigia polishi mafundi seremala, asubuhi nakuta nibu imegandana na mwili wa kalamu, nikailoweka siku nne haikuachia. Niliumia sana mama, mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Sasa la pili. Unakumbuka koroboi ya bibi yako, tulivyokuwa tunakaa unauliza mafuta ya taa yanapandaje kwenye utambi na hakuna anayeyasukuma? Ndo kitu hicho hicho. Ishike nibu karibu na jicho utaona mpasuko mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu mpaka nchani, wino unatembea wenyewe mle, ncha ikigusa karatasi tu karatasi inauvuta. Lakini wino ukitoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo kalamu inakauka au inatapika yote kwa mpigo, na hilo ndo lilisumbua watu miaka na miaka mpaka Lewis Waterman wa New York akapata hataza yake mwaka 1884, kile kiulimi cheusi chini ya nibu chenye vijia vya wino kushuka na hewa kupanda. Kabla ya hapo wengi ilikuwa ni kuchovya kwenye kidau, maneno machache unachovya tena.

Kwa hiyo hii huikandamizi. Peni ya kawaida unaisukuma, hii unaigusisha tu inakwenda, mkono hauchoki. Mi nakaa Feri, pale soko la samaki, tangu mashua zinaingia alfajiri mpaka jua linakuwa kali nachora tu. Ile picha ya mzee anayeshona nyavu, iliyopo juu ya meza ya chakula, ukirudi iangalie kwa karibu sana, ule mstari wa mgongo umeanza shingoni umeshuka mpaka kisiginoni sijainua mkono, ni mwembamba, halafu pale gotini umenenepa kidogo una weusi uliozidi. Pale nilisita. Mzee aligeuza mguu nami nikasimama kumsubiri, sekunde moja labda, na wino ukaendelea kutoka. Kila nikiangalia lile goti naisikia ile asubuhi yote, na kwenye tableti yako, ambayo sina ugomvi nayo, sijawahi kupata kitu kama hicho.

Halafu jina lenyewe, kalamu, limetoka kwa Waarabu, qalam, na asili yake ni tete lililochongwa ncha. Pwani yetu hii, Siyu kule kisiwani Pate, watu walinakili misahafu kwa mkono inapendeza mpaka leo watu wanaisoma kwa kuistaajabia. Na Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi, alipokuwa Arles, Ufaransa, mwaka 1888 naye alichonga matete ya kule kule akachorea mashamba, nukta nukta, vistari vistari, utadhani upepo unapita. Ila wino wake mwingi umepauka ukawa kahawia, ndo maana nakusisitizia Carbon, nataka hayo mawe yako yabaki meusi.

Kalamu yenyewe ni ile Lamy Safari yangu, muundo wa Wajerumani wa tangu 1980, nibu ya EF ndo nyembamba yao. Kwa mkono wako wa kushoto haina shida, pale pa kushikia pako sawa kulia na kushoto, we mkono uuweke chini ya mstari usiuburuze juu yake. Kaunta buku achana nayo, karatasi yake inakunywa wino unatoa mizizi, nimekuwekea daftari la karatasi nzito. Huku Dar wakati wa masika hata karatasi nzuri inalainika kwa unyevu, huko Dodoma hewa kavu utafaidi, ila huo ukavu ndo utakaokukaushia nibu, kwa hiyo ukiacha kuchora hata kidogo tu, funika.

Na mstari ukikosea usitafute whiteout mwanangu, piga mwingine pembeni yake uendelee. Mashua zangu nyingi zina omo mbili, yaani pua mbili za mbele.

Shangazi yako anapanda treni ya SGR Ijumaa asubuhi na mzigo wako uko kwenye pochi yake, sio kwenye begi, nimemwambia mara tatu. Kalamu nimeiosha inakuja tupu. Nenda stesheni mapema uende na hiyo peni uliyonayo na kipande cha karatasi chochote, kaa pale nje, watu wakianza kushuka na mizigo yao we chora, akishafika badilisha kalamu umchore na yeye kabla hajakukataza.

Baba yako.