Kwa Rehema: kuwapokea wageni wasioona ngomeni

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi, nisalimie na watoto. Umeuliza muanze wapi kabla kikundi cha wasioona hakijafika hapo Fort Jesus, ngome ya Mombasa, na kama vibao vya nukta nundu (maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole) vitatosha. Havitatosha. Anza na vitu vya kushika na mtu wa kueleza, vibao vije baadaye. Wengi waliopoteza macho ukubwani hawakuwahi kufundishwa nukta nundu, na wengine wana uoni hafifu: hao wanahitaji maandishi makubwa meusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, na ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayoonekana.

Hata hivyo vibao vikitengenezwa, fundi wa mabango asivikuze ili vipendeze. Nukta nundu hazikuzwi. Kati ya nukta na nukta ni kama milimita 2.5, na kimo chake karibu nusu milimita, kwa sababu herufi nzima lazima iingie chini ya ncha ya kidole kimoja. Ukizipanua, kidole kinakuta vinundu visivyo na maana. Na nukta moja ikilika, neno linageuka: L ina nukta tatu zilizosimama wima, ya chini ikisagika inabaki B, na ikisagika kwenye L zote mbili, "lala" inasomeka "baba". Kwa hiyo atafutwe msomaji wa nukta nundu anayejua Kiswahili, apitishe vidole kwenye kila kibao kabla hakijafungwa. Kibao kilale mteremko kama dawati, maana kikibandikwa wima ukutani kifundo cha mkono kinapinda na msomaji anachoka upesi.

Sasa ngome yenyewe. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, nayo ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Hata mwenye macho makali akitembea ndani halioni umbo hilo. Mwambie seremala awachongee ramani ya mbao, upana wa kama sentimita 40 ili mikono miwili iifikie yote bila kunyoosha mabega. Abakishe ukuta wa nje, lango na bahari tu. Bahari iwe laini, ardhi ibandikwe msasa. Kosa la kawaida ni kunakili mchoro wa wahandisi na vyumba vyake vyote. Mistari ikisongamana chini ya milimita tatu, vidole haviitenganishi tena. Mgeni aishike ramani hiyo langoni, kabla ya kuingia, apate umbo zima kwanza. Baada ya hapo ukuta wa matumbawe utakuwa na mahali pake kichwani mwake.

Mizinga ya nje waishike, ila asubuhi. Saa sita chuma hicho kinaunguza. Kisha watoe mpaka Mji wa Kale kwenye mlango wa kuchonga, kwa idhini ya mwenye nyumba, maana mlango umezoea mikono. Mgeni atandaze mikono apime upana, apandishe kiganja kwenye mwimo, nguzo ya pembeni, hadi kizingiti cha juu, arudi katikati aushike mfaa, ubao wa wima ulio kati ya mbawa mbili za mlango. Hapo ndipo ainamie nakshi kwa ncha za vidole, polepole. Akiwa anagusa, nyamaza. Mikono haisomi vizuri huku sikio linajazwa maneno. Eleza kabla, kisha jibu maswali.

Maneno yenyewe yawe na vipimo. "Hapa" na "pale" hayamsaidii. Sema "mkono wako wa kulia, usawa wa kifua". Rangi pia itaje, wapo waliowahi kuona na wanaikumbuka. Akikosa kitu, usimkamate mkono ukauburuta. Weka mkono wako chini, wake ukae juu yako, mfike pamoja, naye auondoe akitaka. Njiani vivyo hivyo: mpe kiwiko, tangulia nusu hatua, na kabla ya ngazi mwambie kama ni za kupanda au kushuka.

Si kila kitu kishikwe. Shaba na fedha huliwa na chumvi ya jasho, pembe za ndovu hufyonza mafuta ya ngozi. Hivyo vitolewe kwa glovu nyembamba au nakala. Pete, saa na bangili zivuliwe, mikono inawe na kukauka. Na wanyama waliokaushwa, ngozi na manyoya ya zamani, hapo usithubutu bila kupima kwanza, kwa maana makumbusho mengi yalizoea kuvipaka aseniki na zebaki kuzuia wadudu. Hilo nakusihi sana.

Nakala si aibu. Makumbusho ya Omero huko Ancona, Italia, yaliyoanzishwa 1993 na mume na mke wasioona, yana nakala nyingi za sanamu mashuhuri, na mgeni anashika zote. Ninyi fundi wa majahazi awashonee mbao mbili kwa kamba za makumbi kama mtepe, chombo cha kale cha pwani, ulivyoshonwa bila msumari. Kipande cha urefu wa mkono kinatosha. Kifungwe imara mezani, maana kitu kinachoteleza kinamtia mgeni hofu ya kukivunja, naye ataacha kugusa.

Vitu vitano au sita kwa saa moja, visizidi. Na tafadhali, meza hiyo ya vitu vya kushika isitengwe kwa siku moja ya mwaka. Ikae wazi kila siku, mama asiyeona aje na wanawe, washike pamoja. Mkubwa wako akiuliza faida, mwonyeshe kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kinataja makumbusho kwa jina, na Kenya iliuridhia 2008.

Nitumie vipimo vya meza mliyo nayo: kimo chake, na kama miguu ya aliyeketi inaingia chini. Nikivipata nitakuchorea mpangilio.

Wako,
Zuhura