Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mume wangu si mzembe, anakatika pumzi usingizini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kwa sababu subira imeniishia. Wiki iliyopita lori analoendesha mume wangu liliacha barabara asubuhi kweupe. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Kwenye ripoti wameandika "uzembe". Nakataa. Mtu huyu analala masaa manane, hanywi pombe, na bado anaamka amechoka kuliko alivyopanda kitandani.

Ninayelala naye ni mimi. Anakoroma mpaka ukuta wa pili wanasikia, halafu ghafla kimya. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka, lakini ukiweka kiganja puani hakuna hewa. Namtikisa bega, anagutuka, anatweta, anageukia upande wa pili. Muda si muda yanaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote, analalamikia kichwa tu na kinywa kukauka.

Daktari alitufafanulia ugonjwa wenyewe, kwa Kiingereza "sleep apnea": misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unamwamsha avute pumzi. Kila mkatiko wa kuanzia sekunde 10 unahesabiwa, na ikifika mikatiko 30 kwa saa ugonjwa ni mkali. Yeye alishapita huko. Ndiyo maana presha yake haisikii dawa. Ugonjwa huu ukiachwa unaandama moyo, unaleta kiharusi, na usingizi kwenye usukani ndio huo tumeuona.

Tiba si ya kubuniwa leo. Mashine ya CPAP ilielezwa na Colin Sullivan na wenzake huko Australia mwaka 1981. Inasukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia barakoa ili koo lisizibe, basi. Hospitali ilimwazima moja ya majaribio. Usiku wa kwanza sikulala mimi, maana nyumba ilikuwa kimya mno, nikawa namgusa kuhakikisha yu hai. Asubuhi aliamka mwepesi, akatania watoto. Kisha muda wa majaribio ukaisha, wakaichukua.

Bima ikajibu kwamba hicho ni "kifaa cha starehe". Starehe, Mheshimiwa! Aliyeandika hivyo alale siku moja na mikanda kichwani na mpira puani, atusimulie raha yake. Huenda wataalamu wako wanaamini anayekoroma ndiye aliyelala fofofo. Au wanalala vyumba vya peke yao. Wanamwambia apunguze mwili. Anapunguza, na daktari anasema inasaidia, ila taya lake dogo, linalobana njia ya hewa, halirekebishwi kwa kukimbia.

Siku ya Usingizi Duniani, mwezi Machi, ulipanda jukwaani ukaahidi mashine hizi zitaingia kwenye orodha ya bima hivi karibuni. Tulipiga makofi. Hiyo "hivi karibuni" yenu ina miezi mingapi?

Sasa mwajiri amemsimamisha mpaka alete barua kwamba ametibiwa. Kutibiwa kunataka mashine, mashine inataka hela, hela inataka kazi. Presha ikizidi akaanguka, bima hiyohiyo italipa kitanda cha wagonjwa mahututi bila kuuliza kama ni starehe.

Sikuombi hospitali mpya wala tume ya kuchunguza. Tia saini orodha. Ikiwa imekwama mezani kwa mtu, mwite huyo mtu, atie saini. Mashine moja tu, Mheshimiwa, kwa kila ambaye daktari amethibitisha anaihitaji.

Ni mimi,
Mke wa dereva